Maua Nyuma ya Kuro

Kabla hawajatoka nyumbani kwake mtaa wa Majimbo, Embu, Igoki alimkalisha mama yake kwenye kochi akampa masharti. Siku tatu porini, chakula cha kupikiwa, kitanda chenye chandarua, picha atakazo zote. Lakini siasa, hapana. Asimwulize mtu wa hifadhi swali lolote la ardhi. Asimtaje marehemu babu. Asilitaje lori. Veronicah alisikiliza huku akifuta lenzi kwa ncha ya leso, akasema sawa, amekubali. Igoki ni nesi, amezoea wagonjwa wanaomeza dawa mbele yake na kuitema akigeuka, kwa hiyo akamwambia aseme tena.

"Nimesema sawa. Kwani mimi ni mtoto?"

"Maitu, mama yangu, ungekuwa mtoto ningekuwa na amani."

Alikuwa na haki ya kuogopa. Huko Siakago hakuna chifu wala mgombea kiti anayefungua mkutano kabla hajatupa macho kuona Veronicah amekaa wapi. Shule aliiacha darasa la tano. Mengine alijifundisha mwenyewe. Sheria nyingi alizisoma katika magazeti ya kufungia nyama, akakosa mwisho wa kila habari kwa sababu mwenye bucha alikata karatasi palepale. Na miaka yote hiyo neno lake ni moja: kwamba chini ya kilima cha Kamuguu, ndani ya ile hifadhi inayotangazwa kuwa nyika isiyowahi kuguswa na binadamu, waliishi watu. Kwamba yeye alizaliwa hapo. Kwamba lori lilikuja akiwa darasa la pili, wakaambiwa wapande na vyombo vyao, watarudishwa wanyama wakishahesabiwa.

Wanyama bado wanahesabiwa.

Na jibu alilopewa nalo ni moja. Vijana wa ofisi ya hifadhi, wenye suruali za kunyooshwa, walimtandazia ramani mezani wakamwonyesha rangi ya kijani, tupu, bila hata kitone. Hapo hapajawahi kukaa mtu, mama. Kama una ushahidi, leta. Alete nini? Nyumba zilikuwa za udongo, na udongo umerudi kuwa udongo. Waliojua wamezikwa mmoja mmoja huku Siakago, mbali na kwao, wa mwisho akiwa baba yake mwenyewe, Kithaka, aliyekufa akiuliza kama hesabu ya wanyama imekwisha.

Kilichobaki ni matoka.

Itoka ni mmea wa kitunguu kikubwa kinachojizika chini, na majani marefu yasiyoliwa na mbuzi. Kwa Wambeere na Waembu, watu wawili wakikubaliana mpaka wa mashamba, hupandwa mstari wa matoka mbele ya wazee, nyama ikaliwa, na kuanzia siku hiyo hakuna mkono unaothubutu kuyang'oa. Anayeyang'oa amejilaani, yeye na watakaomzalia wajukuu. Moto ukipita, yamo. Kiangazi kikija, yamo. Veronicah mwenyewe ndiye aliyebeba vile vitunguu katika kiondo siku baba yake na jirani walipopanda mpaka wao, kuanzia kwenye mwamba, kushuka hadi korongoni, kisha kona, kisha moja kwa moja kuelekea mtoni. Mwaka mzima huwezi kuyaona ndani ya nyasi. Lakini mvua za kwanza za masika zikishuka huchanua meupe, wiki moja hivi, halafu yananyauka na kukuacha ukiitwa mwongo hadi masika mengine.

Kwa muda mrefu aliapa kwamba hataingia kwao kwa tiketi. Kuingia kwa njia nyingine ni kulala korokoroni, na hilo alishalijaribu mara moja ujanani. Kisha mpiga picha wa Siakago alipofunga studio yake, simu zilipomnyang'anya wateja, akamwachia kamera ya zamani na lenzi yake ndefu kama bomba la jiko. Veronicah alijifunza kwa kupiga mbuzi. Alipiga mbuzi wamelala, mbuzi wakikimbia, mbuzi kwenye jua na kwenye mawingu, hadi majirani wakasema mbuzi wa Siakago sasa wana picha nyingi kuliko watoto wao. Ukali wa kile kiapo ukapungua. Alitaka picha moja tu. Mstari mmoja ulionyooka, mweupe, katikati ya nyika isiyoguswa. Halafu awatandazie wao mezani.

Igoki alijua haya yote. Ndiyo maana alichukua likizo wiki ileile mvua zilipoanza, akalipia kambi, na ndiyo maana pia alitoa masharti. Alitaka mama yake apate picha. Hakutaka atolewe porini na askari mbele ya wageni.

*

Siku ya kwanza ilikuwa hasara tupu.

Dereva wao aliitwa Shueib, mzaliwa wa mji wa Maua, huko Meru, mwenye ndevu zilizopakwa hina na utani wa watu waliokulia safarini. Alimwita Veronicah mama mpiga picha na kumwekea begi la mchanga dirishani ili aegemeze lenzi. Lakini alikuwa na redio ya mawasiliano, na redio ile ilijua neno moja tu, simba. Kila ilipokoroma, Shueib aligeuza gari. Veronicah alisema anataka kwenda upande wa Kamuguu. Shueib alisema huko kuna matope, kisha redio ikakoroma.

Walimkuta huyo simba amezungukwa na magari manane. Alikuwa amelala chini ya kichaka, amewapa mgongo. Watu walisimama juu ya viti, simu juu, mtoto mmoja akauliza kama amekufa. Veronicah aliiweka kamera mapajani. Akasema kwa sauti ya kutosha kwamba amesafiri kutoka Siakago kuja kuona matako ya paka.

Shueib alicheka mpaka akashika usukani. Igoki hakucheka. "Maitu, hata moja hupigi?"

"Ya nini? Yeye hajaambiwa alete ushahidi."

"Tulikubaliana nini?"

"Nimeongea juu ya paka."

Alasiri mvua ikanyesha, wakarudi kambini kunywa chai. Kambi ilisimamiwa na meneja aliyeitwa Nyaga, kijana wa Kianjokoma, huko juu Embu kwenye majani chai, mpole, shati limepigwa pasi hadi mikunjo inakata. Aliwakaribisha kwa Kiembu, na Igoki akaona mama yake anasita, kwa sababu ni vigumu kumchukia mtu anayekusalimia kama nyanya yake. Nyaga aliwaeleza wageni wote kwamba Jumapili, wakati wa chakula cha mchana, kutakuwa na shindano la picha. Kila familia ilete moja. Itakayoshinda itawekwa langoni. Kisha akasema, kwa fahari isiyo na ubaya wowote, kwamba hapa walipo dunia imebaki jinsi ilivyoumbwa, hakuna aliyewahi kulima, hakuna aliyewahi kujenga.

Igoki alimkanyaga mama yake mguu chini ya meza kabla hajafungua kinywa. Chai ikamwagika. Veronicah akaifuta meza taratibu, akaifuta hadi pakavu, akaendelea kufuta.

*

Siku ya pili aliamua kudanganya. Alimwambia Shueib kwamba anataka picha ya tandala kwa ajili ya shindano, na kwamba amesikia tandala wako Kamuguu. Hakusikia popote. Shueib alimtazama kwenye kioo, akamtazama Igoki, ambaye alikuwa ameangalia nje kama mtu asiyemjua abiria mwenzake. Akazima redio. Akasema matope ni matope, wakikwama, mama mpiga picha ndiye atakayesukuma.

Kamuguu palikuwa palepale. Kilima kilikuwa kilima. Lakini kila kitu chini yake kilimkataa. Aliutafuta mwamba, palikuwa na miamba mitano, yote imefunikwa na vichaka, na hakuna hata mmoja mkubwa kama ule aliokuwa akiupanda akiwa mtoto. Aliutafuta mti mkubwa wa mkau ambao baba yake alitundikia mizinga; aliona mikau tele, myembamba, iliyoota juzi. Ndovu walikuwa wamepasua korongo likawa makorongo matatu. Nyasi zilifika madirishani. Mara mbili alisema simama hapa, hapa ndipo, na Shueib akasimama, na palikuwa nyasi.

Wakazunguka asubuhi yote. Akaanza kusema peke yake: mwamba, korongo, kona, mto. Mwamba, korongo, kona, mto. Igoki akamsogezea chupa ya maji kwa upole wa wodini, na hicho ndicho kilichomuuma Veronicah zaidi. Maana kuna wazo lililokuwa limeingia ndani ya gari likakaa kati yao. Kwamba mtoto wa darasa la pili anaweza kukosea. Kwamba mtu anaweza kupiga kelele miaka hiyo yote, akachukiwa, akakosa kazi, akazomewa kanisani, kwa ajili ya kona asiyoweza kuionyesha. Hasira ikampanda, ikakosa pa kwenda, ikarudi kwake.

"Turudi," akasema.

Igoki alimgusa bega. "Bado kuna kesho asubuhi, Maitu."

"Turudi, nimesema. Nimechoka na nyasi za watu."

Shueib aligeuza. Walipopanda kituta kidogo akakanyaga breki, akanong'ona kwamba hawa nao si haba. Kuro walikuwa wametoka vichakani, majike wanne na dume lenye pembe ndefu zilizopinda, na mawingu yalikuwa yamefunguka kidogo, jua likawaangukia migongoni. Igoki akamwambia mama yake apige, angalau apate kitu. Veronicah akaegemeza lenzi juu ya begi la mchanga kwa kinyongo, kama mtu anayelazimishwa kusalimia. Akafunga jicho moja.

Nyuma ya miguu ya dume kulikuwa na weupe.

Akavuta lenzi. Weupe ukawa ua, ua likawa maua, maua yakawa mstari. Kutoka juu kule kituta kilikowainua, nyasi hazikuweza tena kuuficha. Ulitoka kwenye mwamba mdogo, mdogo kabisa, wa kupandwa na mtoto, ukashuka hadi ukingo wa korongo, ukakunja kona ya seremala, ukaelekea mtoni. Haukutetereka. Matoka ya Kithaka yalisimama foleni kama watu walioambiwa wasubiri, wakasubiri.

Veronicah alibonyeza, akabonyeza, na miwani ikajaa ukungu wa pumzi yake mwenyewe. Akaifuta, akabonyeza tena. Dume lilikuwa limesimama katikati ya kona, palepale pa muhimu, likitafuna.

"Litoe," akamwambia Shueib. "Piga honi."

"Mama, honi hairuhusiwi."

"Basi nifungulie mlango. Nitashuka nipige kwa karibu, dakika moja."

Shueib akageuka kitini, na utani wote ulikuwa umemtoka usoni. Alimwambia kwa upole kwamba mgeni akishuka hapa, yeye hana kazi tena, na kwamba jana simba alikuwa na mgongo lakini leo anaweza kuwa na meno. Akamwomba radhi. Veronicah alishika kitasa cha mlango. Igoki aliushika mkono ulioshika kitasa. Wakabaki hivyo, na kuro akabaki pale, ng'ombe wa serikali, amesimama juu ya mpaka wa Kithaka kama aliyeajiriwa kuuziba.

Kisha mvua ikaja kutoka mtoni, ukuta mzima, ikafuta korongo, ikafuta kona, ikafuta kuro.

Katika picha zote, moja tu ilikuwa kali. Ilikuwa na dume mbele, manyoya yake yakionekana moja moja, na nyuma yake ule mstari, kutoka upande hadi upande. Kona ilikuwa imefichwa na kifua chake.

*

Igoki ndiye aliyeipeleka kwenye shindano. Aliitazama jioni ile mezani kwa muda mrefu, akasema hata kama matoka yasingekuwapo, hiyo ni picha. Veronicah alikuwa bado amenuna kwa ajili ya kona. Alisema mtu akiiona atasema ni maua tu ya mwituni, mpiga picha amebahatika. Igoki akasema basi ionwe. Ionwe na watu wote, kwenye skrini kubwa, bila mtu kusema neno. Hilo halivunji ahadi.

Jumapili mchana banda la chakula lilijaa. Nyaga alisimama kando ya skrini na kupitisha picha moja moja. Kulikuwa na machweo mengi. Kulikuwa na matako ya paka kutoka pembe kadhaa. Bwana Mohamud, mfanyabiashara kutoka Meru mjini aliyekuja na wake wa kaka zake na watoto wao, alikuwa amepata ndovu akijirushia matope, kwa simu tu, na watu wakapiga makofi. Kisha akaja kuro.

Mtu mmoja nyuma akasema lo. Nyaga mwenyewe alirudi hatua ili aione vizuri, na Veronicah, aliyekuwa amekaza macho usoni pake, aliona furaha ya kweli ikimjia, halafu akaiona ikisimama.

Nyaga akasema hii ndiyo picha bora kupita zote. Akasema hata yeye hajawahi kuona kuro akipigwa picha hivyo. Ila kwa masikitiko hawezi kuipa ushindi, maana kanuni inataka nyika asilia, pasiwe na kazi ya mkono wa mtu. Akaweka kidole kwenye skrini, akakipitisha juu ya ule weupe.

"Haya hayajiotei hivi. Haya yamepandwa," akasema. "Mimi ni mtoto wa Embu, siwezi kudanganywa na itoka. Huu ni mpaka wa shamba. Hata kwetu babu alipanda hivihivi, na hakuna anayegusa."

Alilisema kwa uchangamfu, kama mwalimu mzuri anayeeleza kosa dogo. Kidole bado kilikuwa juu ya mstari. Wageni walitikisa vichwa, wakaridhika, wengine wakarudia sahani zao. Watu watatu tu katika banda lile walikuwa wamesikia kilichosemwa, na wa tatu, Nyaga mwenyewe, alikisikia akiwa amechelewa.

Veronicah hakusimama. Alitazama kwanza mguu wa binti yake chini ya meza. Ulikuwa umetulia, mbali na wake.

"Shamba la nani?" akauliza.

Nyaga akatoa kidole. Akasema ni mambo ya zamani, mama.

"Nimeuliza la nani. Sijauliza la lini."

Akasema tusichanganye likizo na mambo mengine, chakula kinapoa. Akabonyeza, kuro akatoweka, akarudi ndovu wa Bwana Mohamud, na watu wakapiga makofi tena kwa kuwa walifikiri ndiyo zamu yake. Igoki alikuwa amesimama. Yeye ambaye tangu utoto aliona haya mama yake akinyanyua mkono mkutanoni, alikuwa amesimama katikati ya watu na kijiko mkononi, akasema kwa Kiembu, taratibu, kwamba mama yake ameuliza swali. Nyaga hakumtazama. Alikuwa akimpongeza Mohamud.

*

Waliletewa mizigo yao hadi kwenye gari. Nyaga aliibeba mwenyewe, pengine ili wasipite tena bandani. Alipomaliza kuipanga alibaki ameshika mlango wa nyuma, akasema chinichini kwamba wiki hii trekta la barabara litasafisha upande wa Kamuguu. Yeye hajaliita. Lilikuwa limepangwa. Lakini wakubwa wameshaipata ile picha, mgeni mmoja aliituma, na wameuliza ni wapi pale.

"Nawe umewaambia?"

"Niliulizwa, mama."

"Na hayo matoka?"

"Mimi siwezi kuyagusa. Hilo unalijua. Hata wakinifukuza." Akasukuma begi moja ndani zaidi. "Ila mwenye trekta si mtu wa huku."

Veronicah amekuwa akitafuta macho ya kuuona mstari ule tangu darasa la pili, na sasa umeonwa, na aliyeufichua ni yeye. Angemtukana huyu kijana na mikunjo ya shati lake. Alikuwa na matusi ya kutosha, aliyoyaweka miaka mingi. Lakini alimwuliza jambo moja tu: kama yale aliyoyasema mbele ya skrini, kwamba yamepandwa, kwamba ni mpaka wa shamba, atayasema tena mezani, mbele ya wale wa ramani.

Nyaga alifunga mlango wa nyuma wa gari.

"Nilikuwa nahukumu picha tu, mama."

"Basi nitasubiri umalize kuhukumu," Veronicah akasema.

Akaliondoa begi la mchanga dirishani, akaliweka chini kwenye kokoto, katikati ya njia ya magari, akalikalia. Kamera aliiweka magotini, lenzi ikielekea kwa Nyaga. Nyuma yao gari la akina Mohamud lilikuwa limekwishawashwa, likapiga honi, ile isiyoruhusiwa. Nyaga alimgeukia Igoki, akamwomba kwa Kiembu amsaidie mzazi kuinuka, watu wanataka kupita. Igoki alivua viatu, akaketi kando ya mama yake.

Nyaga akamgeukia Shueib. Shueib alikuwa usukanini, tayari kuondoka, mguu kwenye pedali ya mafuta. Alimtazama meneja, akamtazama mama mpiga picha, akajikuna ndevu.

Akazima injini.